Kufunga Kipimamwangwi Ndani ya Kayaki Bila Kutoboa Chombo

(Maandishi ya mazungumzo yaliyoandaliwa kwa ajili ya mafunzo ya makatibu na mafundi wa vyama wanachama vya wavuvi)



Tangu zama za kale nahodha alikijua kina cha maji kwa bildi. Aliitupa kamba yenye risasi nzito, akahesabu pima zilizozama, na risasi iliyopakwa mafuta ilipopandishwa alitazama kilichonata chini yake, akajua kama chini ni mchanga, tope au mwamba. Kazi hiyo ilihitaji mikono yenye nguvu, chombo kilichotulia na muda wa kutosha. Leo upo mtambo mdogo, usiozidi ukubwa wa kitabu, unaofanya kazi ya bildi mara nyingi katika kila sekunde, na juu ya hayo ukaonyesha samaki walioko kati ya chombo na chini ya maji. Mtambo huo huitwa kipimamwangwi, na wengi huujua kwa jina la kitafuta samaki.

Mazungumzo haya hayakukusudiwa kuusifu mtambo huo. Wauzaji wanaifanya kazi hiyo vya kutosha. Yanahusu jambo moja dogo ambalo limewatia wavuvi hasara katika nchi nyingi: namna ya kukifunga kichwa cha mtambo, yaani transdyusa, ndani ya kayaki au boti ndogo bila kutoboa hata tundu moja chini ya mstari wa maji.

Hatari ya tundu dogo

Kayaki ni chombo chembamba cha kupigwa kafi. Asili yake ni watu wa Kaskazini ya mbali, wa Greenland, Alaska na visiwa jirani, waliokiunda kwa kiunzi cha miti au mifupa na kukivika ngozi za sili. Kayaki za siku hizi aghalabu hutengenezwa kwa plastiki ya polithilini iliyoyeyushwa ndani ya kalibu. Huko Marekani uvuvi wa mshipi kwa kayaki umeenea sana, na huko ndiko mafundi wa nyumbani walikojifunza, kwa kujaribu na kukosea, mengi ya hayo yatakayoelezwa. Katika pwani ya Afrika Mashariki kayaki huonekana zaidi kwenye fukwe za hoteli. Lakini kanuni zake ni zilezile kwa boti za faibaglasi, ambazo katika miaka ya karibuni zimetolewa kwa mkopo kwa vikundi vya wavuvi nchini Tanzania.

Achukuliwe mfano wa mvuvi aliyepata kayaki ya plastiki na kipimamwangwi kipya. Ndani ya sanduku la mtambo anakuta kichwa, waya, kishikio na skrubu. Kwa kuwa skrubu zimo, anadhani hapana budi zitumike. Anatoboa chombo chini, anafunga kishikio, anapaka gundi kuzunguka skrubu, na siku ya kwanza kila kitu ni chema. Lakini polithilini ni plastiki inayokataa gundi. Mshiko wake ni wa juujuu tu. Kila siku jua linaitanua, maji yanaibana, na mchanga wa ufukweni unakikwaruza kishikio wakati chombo kinapoburutwa. Baada ya majuma machache gundi inaachia. Maji yanaingia kidogo kidogo ndani ya tumbo la kayaki, mahali ambapo mpiga kafi haoni, kwa kuwa yeye ameketi juu ya sitaha iliyozibwa. Anahisi tu kwamba chombo kimekuwa kizito. Anapoinama upande mmoja kumvuta samaki, maji yote ya ndani yanakimbilia upande huo, na kayaki inapinduka naye akiwa mbali na nchi kavu.

Wahenga walisema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa chombo cha majini afadhali zaidi kutoufanya huo ufa.

Namna mtambo unavyofanya kazi

Fundi asiyejua kazi ya kichwa hawezi kukifunga sawasawa, hata akipewa maelekezo mazuri namna gani. Kwa hiyo yafaa jambo hili lielezwe kwanza.

Mwaka 1880 ndugu wawili wa Kifaransa, Pierre na Jacques Curie, waligundua kwamba baadhi ya fuwele zikibanwa hutoa umeme. Muda mfupi baadaye ikathibitika kwamba kinyume chake ni kweli pia: fuwele hizo zikitiwa umeme hutikisika. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Mfaransa mwingine, Paul Langevin, aliitumia tabia hiyo kupeleka sauti ndani ya maji na kuusikiliza mwangwi wake, nia ikiwa kuzitafuta nyambizi. Baada ya Vita Kuu ya Pili maarifa hayo yakageuzwa kuwa ya kuvulia samaki. Mwaka 1948 kampuni ya ndugu wa familia ya Furuno, wa Nagasaki huko Japani, ilianza kuwauzia wavuvi kipimamwangwi cha kutafutia samaki.

Ndani ya kichwa cha mtambo kimo kipande cha kauri maalumu. Kinapotiwa umeme hutikisika kwa kasi kubwa mno na kutoa sauti ambayo sikio la mwanadamu haliisikii. Mitambo mingi ya bei nafuu hutumia sauti ya kilohezi 200, yaani mitikisiko laki mbili kwa sekunde, na mingine huongeza ya kilohezi 83 au 50. Sauti hiyo hushuka majini, hugonga chini au hugonga samaki, kisha hurudi. Kauri ileile huipokea na kuigeuza kuwa umeme. Mtambo hupima muda uliopita kati ya kupeleka na kupokea.

Katika maji ya bahari sauti huenda mwendo wa takriban mita 1,500 kwa sekunde. Ikiwa mwangwi umerudi baada ya sehemu mbili za mia za sekunde, sauti imetembea mita 30 kwenda na kurudi. Basi kina ni mita 15. Hiyo ndiyo hesabu yote.

Sasa lifikiriwe jambo lililo kiini cha mazungumzo haya. Sauti hupita kwa urahisi kutoka kitu kimoja kwenda kingine endapo vitu hivyo vinakaribiana kwa uzito na ugumu. Polithilini na maji vinakaribiana. Kwa hiyo sauti hupenya ukuta wa kayaki ikapoteza sehemu tu ya nguvu zake. Faibaglasi isiyo na uwazi ndani nayo huipitisha sauti vizuri. Lakini hewa na maji vimeachana mbali sana. Mahali hewa inapokutana na maji au plastiki, karibu sauti yote hurudishwa ilikotoka. Utando wa hewa mwembamba kama karatasi, au mapovu machache ndani ya gundi, hutosha kuupofusha mtambo wa thamani kubwa. Kufunga kichwa ndani ya chombo, basi, ni kazi ya kuiondoa hewa. Mengine yote ni nyongeza.

Vyombo vifaavyo na visivyofaa

Kabla chama hakijatoa fedha, kamati yafaa ijiulize kama chombo chenyewe kinafaa.

Kayaki ya polithilini ya tabaka moja inafaa. Boti ya faibaglasi inafaa mahali ambapo ukuta wake ni faibaglasi tupu. Boti nyingi huundwa kwa tabaka mbili za faibaglasi zenye sponji au mbao nyepesi katikati, ili ziwe nyepesi na zisizame. Mahali penye sponji sauti haipiti, kwa sababu sponji imejaa hewa.

Mashua, dau na ngalawa za mbao hazifai kwa njia hii. Mbao imejaa vijishimo vya hewa, na unene wake pamoja na kalafati huimeza sauti. Hii haina maana kwamba wenye vyombo vya mbao wamefungiwa mlango. Wao wakifunge kichwa kwenye mti au bomba imara, walifunge bomba ubavuni kati ya omo na shetri, kichwa kizame shubiri moja au zaidi chini ya maji, na wakipandishe kila waanzapo safari ya kasi au wakaribiapo ufukweni. Njia hiyo nayo haitoboi chombo.

Boti za chuma hazifai. Za alumini nazo zina matatizo yake, na mwenye nazo afuate njia ya bomba.

Tena, si kila kichwa kinafaa. Kichwa cha duara, chenye uso bapa na sauti ya kilohezi 200 au 83, hufanya kazi vizuri ndani ya chombo. Vile vinavyochora picha ya chini kama picha ya kamera, kwa sauti za kilohezi 455 au 800, hupoteza nguvu nyingi mno katika ukuta; hivyo havikukusudiwa kufungwa kwa njia hii. Mnunuzi asome kijitabu cha kiwanda kabla ya kulipa. Ajue pia kwamba kipimajoto kilichomo ndani ya kichwa kitasoma joto la chombo, wala si joto la bahari.

Kuchagua mahali na kupajaribu

Mahali pa kukifunga kichwa pawe na sifa nne. Kwanza, pawe bapa, pasiwe na mgongo, mtaruma wala bomba la kupitishia maji. Pili, paelekee chini wima wakati chombo kimepakiwa, kwani kichwa kilicholala upande hupeleka sauti upande. Tatu, mkono upafikie kupitia mlango wa sitaha, maana kitakachofungwa leo huenda kikahitaji kufunguliwa kesho. Nne, pasiwe mahali ambapo mapovu hupita chini ya chombo. Kwa kayaki, mahali karibu na kiti, mbele au nyuma yake, aghalabu hufaa. Kwa boti yenye mashine, mahali pawe upande wa shetri, karibu na mkuku, ambapo ukuta haunyanyuki nje ya maji wakati wa mwendo.

Ili kuhakikisha sifa ya pili, mpiga kafi aketi chomboni majini pamoja na mizigo yake ya kawaida, na mwenzake aweke pimamaji mahali palipochaguliwa. Kayaki iliyo sawa juu ya mchanga huweza kuinamia shetri mara mwenyewe anapoketi.

Mahali pakishachaguliwa, pajaribiwe kabla ya gundi kufunguliwa. Kichwa kitiwe ndani ya mfuko mwembamba wa plastiki wenye maji, mfuko ufungwe bila kuacha hewa, na uwekwe juu ya mahali hapo penye maji kidogo, uso wa kichwa ukitazama chini. Chombo kiwe majini, penye kina kinachojulikana. Mtambo uwashwe na namba iandikwe. Kisha kichwa kitolewe, kizamishwe ubavuni mwa chombo moja kwa moja ndani ya maji, na namba iandikwe tena. Namba mbili zikilingana, na mstari wa chini ukionekana imara mara zote mbili, mahali panafaa. Mstari wa ndani ukiwa hafifu au ukikatika, patafutwe pengine. Jaribio hili halichukui hata saa moja, nalo huwaepusha wengi na majuto.

Njia ya gundi

Mahali pasafishwe kwa sabuni na maji matamu, pakauke kabisa, pasuguliwe kwa msasa laini, kisha pafutwe kwa spiriti. Uso wa kichwa nao ufutwe mafuta yote.

Kwa faibaglasi gundi ya epoksi inafaa, nayo iwe ile inayochelewa kukauka. Epoksi ya kukauka haraka huyafungia mapovu kabla hayajapata nafasi ya kutoka. Ichanganywe polepole bila kupigwapigwa, kwa maana kila pigo la kijiti huingiza hewa.

Kwa polithilini epoksi haina mshiko wa kudumu. Wengi hutumia silikoni ya vyombo vya majini. Mshiko wake si mkubwa, lakini kwa kuwa kichwa kimelala ndani wala hakivutwi na maji, hutosha. Na ikihitajika huweza kubanduliwa bila kuumiza chombo.

Gundi imiminwe katikati kwa fungu moja lililoinuka, wala isipakwe kwa mistari, kwani mistari huacha mifereji ya hewa kati yake. Kichwa kishushwe kwa kukiinamisha kidogo, kisha kilazwe taratibu huku kikizungushwa kidogo kidogo, ili hewa isukumwe kutoka katikati kwenda pembeni. Kikishalala kisiinuliwe tena. Kuinua mara moja tu ni kuikaribisha hewa, na kazi yote itaanza upya. Kiwekewe uzito mdogo, na chombo kiachwe kivulini bila kuguswa. Muda wa kungoja ni ule ulioandikwa kwenye gundi, na kwa silikoni iliyofunikwa na kichwa kipana uongezwe siku kadhaa, kwa kuwa silikoni hukauka kwa unyevu wa hewa kuanzia pembeni, na katikati huchelewa. Hapa ndipo haraka isipokuwa na baraka.

Njia ya kisima

Njia ya pili haigundishi kichwa. Hutengenezwa kisima kidogo ndani ya chombo, kichwa kikawekwa ndani ya maji ya kisima hicho, na maji ndiyo yanayoifukuza hewa.

Sponji gumu lisilonywa maji, la namna ya soli za kandambili, likatwe umbo la pete lenye uwazi unaokitosha kichwa. Kimo chake kizidi kimo cha kichwa kidogo. Pete igundishwe chini ya chombo kwa gundi inayonyumbuka, na ikishakauka ijazwe maji na kuangaliwa kwa saa kadhaa kama inavuja. Kisha kichwa kitiwe maji yakiwemo, kikiingizwa kwa ubavu ili kisifungie hewa chini yake. Matone machache ya sabuni ya maji husaidia mapovu yasing'ang'anie. Juu yake kiwekwe kizibo cha sponji kitakachokibana kichwa kisielee wala kisigeuke.

Wapo wanaotumia mafuta ya mgando badala ya maji. Hayakauki wala hayamwagiki, lakini yapakwe bila mapovu, na yakaguliwe wakati wa joto kali yanapolainika.

Faida ya kisima ni kwamba kichwa hutolewa na kurudishwa bila kuharibu kitu. Kwa chama chenye vyombo vitatu na mtambo mmoja hilo si jambo dogo. Visima vitatu hugharimu kidogo sana. Dosari yake ni moja: maji hupungua. Kila alfajiri kabla ya kushua chombo, kisima kikaguliwe na kujazwa. Mvuvi asahauye jambo hilo ataulaumu mtambo bure.

Waya na betri

Waya wa kichwa usikatwe ili kuufupisha. Urefu wake umepangwa na kiwanda, na kiungo kibaya huingiza chumvi na kelele za umeme. Uliozidi uviringishwe na kufungwa vizuri. Upitishwe juu ya mstari wa maji, kupitia ukingo wa mlango wa sitaha au kupitia kizibo cha mpira kilichokusudiwa kazi hiyo.

Betri iliyofungwa ya volti 12 na ampea-saa 7 hutosha kwa mtambo mdogo. Hesabu yake ni nyepesi. Mtambo ukila nusu ampea, betri yote ingeisha kwa saa 14. Lakini betri ya risasi ikinyonywa mpaka mwisho hufa mapema. Basi ihesabiwe nusu, yaani saa 7, kisha ichajiwe siku ileile. Iwekwe ndani ya sanduku lisiloingiza maji, lifungwe katikati na chini, ili chombo kikipinduka isirukeruke. Fyuzi iwekwe kwenye waya wa chanya karibu na betri, kwa kipimo kilichotajwa na kiwanda. Chama kisikubali kamwe fyuzi ibadilishwe kwa kipande cha waya.

Kujaribu na kusoma

Mtambo uliofungwa usiaminiwe kabla haujashindanishwa na bildi. Mahali patatu pachaguliwe: pima mbili, pima tano na pima kumi. Katika kila mahali bildi itupwe, namba ya mtambo isomwe, na zote mbili ziandikwe. Tofauti ndogo ni ya kawaida, maana mtambo hupima kuanzia kwenye kichwa na bildi kuanzia juu ya maji. Tofauti kubwa, au inayobadilikabadilika, ni dalili ya hewa au ya kichwa kilichoinama.

Ikumbukwe kwamba sauti hushuka kwa umbo la pia iliyopinduliwa, nyembamba juu na pana chini. Mkunjo wa nyuzi 20 hufunika duara la takriban mita 3 na nusu kwenye kina cha mita 10. Mkunjo wa nyuzi 60 hufunika zaidi ya mita 11. Samaki aonekanaye kwenye mkunjo mpana si lazima awe chini ya ndoana. Na kioo hakionyeshi yaliyoko sasa hivi peke yake: mstari wa kuumeni kabisa ndio wa sasa, yaliyo kushotoni yamekwisha kupita.

Samaki akipita ndani ya pia hiyo huchorwa kama upinde, kwa sababu umbali wake kutoka chomboni hupungua kisha huongezeka. Chombo kikisimama, samaki aliyetulia huchorwa kama mstari mrefu. Kinachorudisha sauti kwa nguvu zaidi ni kibofu cha hewa kilicho ndani ya samaki. Sangara na sato wanacho, na huonekana vizuri. Papa hana, na baadhi ya jamii za jodari hawana. Mwangwi wao ni hafifu kuliko miili yao. Kwa hiyo kioo kitupu si ushahidi wa bahari tupu.

Mipaka yake ijulikane. Mtambo mdogo ndani ya kayaki hutosha katika Ziwa Viktoria, ambalo kina chake kikubwa ni takriban mita 80, na katika maji ya kina kifupi ya pwani. Katika mkondo wa Pemba, ambapo kina hupita mita mia kadhaa, usitarajiwe kuiona nchi ya chini.

Mali ya chama na akiba ya samaki

Yamebaki mambo mawili yanayoihusu kamati kuliko fundi.

La kwanza ni mali yenyewe. Mtambo ulionunuliwa kwa fedha za wanachama uandikwe katika daftari la mali siku ya kufika, pamoja na namba yake. Apewe mtu mmoja dhamana ya kuutoa na kuupokea, na kila chombo kinachoutumia kiandike safari, saa, mafuta na kilo zilizopatikana. Zikusanywe pia hesabu za siku ambazo chombo hichohicho kimekwenda bila mtambo. Baada ya msimu mmoja mkutano mkuu utaweza kuamua, kwa tarakimu wala si kwa maneno, kama wa pili ununuliwe. Mtambo ukigeuka kuwa wa mwenyekiti na jamaa zake, mwanachama aliyelipa hisa atakuwa amemnunulia mwingine macho.

La pili ni samaki wenyewe. Kipimamwangwi hakiongezi hata samaki mmoja majini. Chombo hichohicho cha maarifa kimekuwa kikitumiwa na wataalamu kuwahesabu samaki ili wasimalizwe: meli ya utafiti Dr. Fridtjof Nansen ya Norway ilipima samaki wa bahari ya Tanzania kwa mwangwi katika miaka ya 1982 na 1983, na tangu mwaka 1999 Ziwa Viktoria limekuwa likipimwa kwa njia hiyo ili kukadiria wingi wa sangara na dagaa. Mvuvi anayeona mazalia kwenye kioo chake ana hiari mbili, kuyafyeka au kuyapita. Chama chenye busara huyaandika mahali hapo katika daftari lake na kuwakataza wanachama wake kutia nyavu, kwa kuwa mkopo wa boti hulipwa kwa miaka, nao samaki wa miaka hiyo ndio hao wanaozaliwa sasa.

Ndugu Wanaushirika, kwa muhtasari: chombo kisitobolewe chini ya maji, mahali pajaribiwe kwa mfuko wa maji kabla ya gundi, hewa iondolewe yote, bildi iwe hakimu wa mwisho. Kisha hata mtambo ukifungwa vema, bildi isitupwe. Ibaki chomboni, pamoja na jaketi la kuokolea maisha, kwa siku ile ambayo betri itakwisha na nchi kavu ikawa bado mbali.